Jina Lililobaki Daftarini

Masomo ya wiki: 1 Samweli 20, 2 Samweli 1 na 9



Alhamisi tulimzika mzee wetu, fundi umeme wa zamani wa kampuni ya migodi ya Gécamines, mtu wa mgodi wa Kamoto tangu ujana wake. Mjane wake ameniomba nisiliandike jina lake katika tafakari hii, nami namheshimu. Wengi wenu mtamjua hata bila jina: yule aliyekaa benchi ya tatu upande wa dirisha, aliyetengeneza nyaya zote za kanisa hili, na kila tulipompa bahasha aliirudisha kwenye sadaka Jumapili iliyofuata.

Juu ya maisha yake mmekwisha kusikia kaburini. Leo nataka kuandika juu ya rafiki zake.

Mnajua jinsi matanga yanavyopangwa hapa Kolwezi. Vyombo vya nyumba vinatolewa nje, mikeka inatandikwa, mama wanakaa chini kumzunguka mjane. Baba wanakaa nje chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, mbabula ya makaa katikati, maana baridi ya mwezi wa saba huku kwetu haina huruma. Kila mtu ana mahali pake. Kuna ndugu wa upande wa baba na ndugu wa upande wa mama, kuna wakwe, kuna watu wa kanisa, majirani, wastaafu wenzake. Kila kundi lina msemaji, mchango wake unaandikwa, na kwenye programu ya mazishi limepewa dakika zake. Programu hiyo niliiandika kwa mkono wangu.

Usiku wa kwanza wazee wawili walinijia nikiwa bado na karatasi mkononi. Mmoja alikuwa dereva wa mitambo mikubwa, wa pili alifanya kazi maabara. Yule dereva akaniuliza kwa upole, “Pasta, siye tunaandikwa wapi?” Niliangalia karatasi. Hawakuwa ndugu wa marehemu wala wakwe zake, kabila lao si lake, na wastaafu walikwisha kuwa na msemaji wao. Nikawajibu kwamba muda ukibaki nao watasema neno. Muda haukubaki. Walisimama nyuma kabisa makaburini, kofia mkononi, na baadaye wakanishika mkono na kuniambia hapana shida, Pasta.

Jibu lile limenikosesha usingizi. Rafiki hana haki matangani. Haulizwi siku ya mazishi. Ukoo ukiketi kugawa vitu anaombwa apishe kidogo. Hapewi koti wala saa ya marehemu, na hakuna anayekuja kumpa pole nyumbani kwake, kwa kuwa kwa hesabu ya watu yeye hakufiwa. Lakini tazameni. Watoto wamezika baba. Mjane amezika mume. Wazee hawa wawili wamezika kijana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, mwenye woga wa kushuka shimoni, ambaye hakuna mwingine duniani anayemkumbuka. Walipoondoka makaburini waliondoka na kijana yule vichwani mwao, na wakifa wao atakuwa amekufa kabisa.

Niliona jambo hilo hilo kwa vijana mwaka 2019, baada ya tarehe 27 mwezi wa sita, ule udongo ulipowaporomokea wachimbaji wadogo ndani ya eneo la mgodi wa KOV na kuua watu wasiopungua 43. Katika tanga moja nililoendea, familia ilikuwa imetoka mbali, na vijana waliochimba pamoja na marehemu walisimama ng'ambo ya barabara, hawajui kama wanaruhusiwa kuingia. Walimjua kwa jina la utani tu. Mama yake alipowaita wakaja wote kwa pamoja, wakamweleza mwanawe alivyokuwa akiimba shimoni, na yule mama akacheka katikati ya machozi kwa sababu nyumbani hakuwahi kumsikia akiimba.

Usiku wa pili, watu walipopungua, nilivuta kiti nikakaa nao penye mbabula. Ilikuwa kama saa nane. Dereva akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi, na ndani yake daftari la shule, lenye jalada la bluu lililoshonwa kwa uzi mahali lilipochanika. Akaniambia hilo ni la tano. Manne ya kwanza yako nyumbani kwake ndani ya kopo la maziwa.

Lilikuwa daftari la likelemba yao. Walianza mwaka 1976, watu wanne: fundi umeme, dereva, mtu wa maabara, na karani wa stoo. Kila mwezi wanne wanachanga, mmoja anapokea, mwezi unaofuata zamu ya mwingine. Mnajua wenyewe likelemba nyingi zinavyokwisha: mtu anapokea zamu yake halafu anahama avenyu. Hii ya kwao ina miaka inayokaribia hamsini. Waliniruhusu niifunue, na usiku uliofuata dereva aliyaleta na yale ya zamani. Ndugu zangu, nimesoma vitabu kadhaa juu ya historia ya mji wetu, lakini hakuna kilichonifundisha kama makaratasi yale.

Mwezi wa tano wa 1978 hauna hesabu. Pameandikwa neno “vita” na majina yote manne. Jumamosi tarehe 13 waasi waliotoka Angola waliingia mjini, na hadi askari wa miavuli wa Ufaransa waliposhuka Ijumaa tarehe 19, Kolwezi ilijaa maiti, weusi na weupe, mamia kwa mamia. Siku zile zote wanne hawa walikuwa nyumbani kwa karani wa stoo pamoja na wake zao. Nyumba yake ilikuwa na pipa la maji alilolijaza Ijumaa kwa sababu tu mke wake alipanga kufua. Walikunywa maji yale kwa kikombe kimoja. Mtu wa maabara aliniambia kikombe kilipimwa kwa kidole, na kwamba karani alikuwa akijipimia pungufu akidhani hawamwoni.

Mwezi wa tisa wa 1990 pana alama nyeusi pembeni. Ndio mwezi sehemu ya kati ya mgodi wa Kamoto ilipoporomoka. Mwezi huo huo Mwenda wa Bayeke, mwana wa Bunkeya, mkoa wetu huu wa leo, mpiga gitaa ambaye wanne hawa waliziimba nyimbo zake wakirudi zamu ya usiku, alikufa kwa ajali ya gari upande wa Zambia. Wazee wanasema habari hizo mbili ziliwafikia karibu pamoja, na tangu hapo wakajua mambo yamegeuka. Walikuwa sahihi. Gécamines iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, kufika 1994 haikufikisha hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho.

Hesabu zenyewe zinaumiza macho. Kwanza ni zaire, kisha zaire zenye sifuri zinazojaza mstari mzima, kisha mwisho wa 1993 zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 inaingia faranga, moja kwa zaire mpya laki moja. Na katikati kuna kurasa ambazo hazina fedha yoyote. Pameandikwa “unga”. Kopo la unga kwa kila mmoja, mwezi kwa mwezi, maana mshahara ulikuwa hauji lakini likelemba walikataa ife. Mwaka 2003 kampuni ilipowaachisha wafanyakazi 10,655 kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, wote watatu waliokuwa wamebaki Kolwezi walipokea pesa zao wakarudi nyumbani. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameandika kitabu kizima juu ya wana Shaba walioachwa na baba yao. Kampuni ilikuwa baba kweli: ilitoa posho, nyumba, hospitali, shule. Baba huyo alipoondoka, waliobaki kumshika mtu mkono walikuwa rafiki zake.

Nimesema watatu waliobaki. Karani wa stoo alikuwa mtu wa asili ya Kasai.

Hapa naandika polepole, kwa sababu jambo hili kanisani tunalipita kama mtu apitavyo kando ya shimo lililo wazi. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa katika mkoa huu. Wengi walizaliwa hapa hapa. Baba na babu zao waliletwa na kampuni ya Union Minière kuja kuchimba shaba hii. Waliitwa wadudu, hadharani, kwa vipaza sauti. Nyumba zao zilivunjwa milango. Maelfu walilala kwenye gare ya Kolwezi, majuma na miezi, juani na mvuani, wakingoja treni ya kuwapeleka Tenke, na kutoka Tenke kwenda Kamina na Mwene-Ditu, kwa babu ambao wengine hawakuwahi kuwaona. Wapo waliokufa wakingoja.

Mimi nilikuwa kijana wa kwaya. Nilipita pale kila siku kwa baiskeli. Siku moja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniomba maji, nami nilimwambia, “Nakuja, mama.” Nilikwenda mazoezi ya kwaya. Sikurudi. Jioni nilipita njia nyingine. Nimehubiri miaka mingi na sijawahi kulisema jambo hili mimbarani, na naliandika leo kwa sababu usiku ule penye mbabula nimejua kwamba katika majuma hayo hayo kulikuwa na mtu aliyekuwa akirudi gare kila jioni. Fundi umeme wetu alitoka zamu, akabeba bukari na sombe kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitenge, akavuka katikati ya vijana wenye marungu, akakaa na karani na watoto wake mpaka chakula kiishe. Walimtishia. Waliandika neno baya kwenye ukuta wa nyumba yake. Mke wake aliogopa, kama mke yeyote angeogopa, lakini aliendelea kupika.

Mwezi ule treni ilipofika, zamu ya likelemba ilikuwa ya karani. Walimletea fungu lake gare, akakataa, kwa kuwa njiani wangemnyang'anya. Akasema, “Niwekeeni.” Basi siku ile kwenye mstari wa jina lake fundi umeme aliandika neno moja: “anatudai”.

Na hilo ndilo nililoliona kwa macho yangu, kwa mwanga wa tochi ya simu. Mwezi uliofuata jina la karani lipo. Unaofuata, lipo. Kila zamu yake inapofika: anatudai. Miaka kumi na mitatu, bila kujua kama mtu huyo yu hai au amekufa. Pesa ya zamu hizo za kwanza iliyeyuka kama chumvi mvuani, nao walijua inayeyuka, ndipo wakaanza kununua vitu: bati mbili, mfuko wa saruji, sufuria kubwa. Vitu vile vilikaa nyuma ya nyumba ya fundi umeme, vimefunikwa turubai. Wakati wa njaa ya unga alikula mara moja kwa siku, na bati za karani hazikuuzwa. Nilimwuliza dereva kwa nini hawakulifuta jina. Akanitazama kana kwamba sikuelewa Kiswahili. “Pasta, huyu njo ndugu yetu. Unafuta namna gani?”

Sasa tufungue Maandiko, maana Daudi naye alikuwa na rafiki.

Mnakumbuka Yonathani alivyokuwa mwana wa Sauli, mrithi wa kiti, wa kabila la Benyamini. Daudi alikuwa kijana wa Yuda aliyetazamiwa kukitwaa kiti hicho. Kwa hesabu ya watu walipaswa kuchukiana. Wakapendana, wakaapa mbele za Bwana, na kiapo chao hakikuwa juu yao wawili tu: kilihusu watoto na uzao wao. Kisha Yonathani akafa mlimani Gilboa pamoja na baba yake. Katika 2 Samweli 1 Daudi anararua nguo, anafunga mpaka jioni, anatunga ombolezo, na anaagiza wana wa Yuda wafundishwe ombolezo hilo. Tunalipenda sana. Tunalisoma kwenye mazishi. Nimelisoma mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nimeifunga Biblia hapo, kana kwamba habari imekwisha.

Haijakwisha. Habari za Gilboa zilipofika, yaya alimkimbiza mtoto wa Yonathani, Mefiboshethi, mwenye miaka mitano, akaanguka naye, mtoto akawa kilema wa miguu yote miwili. Sura ya nne inatuambia hayo kwa mstari mmoja tu. Kwa hiyo siku zile, Daudi akilia kwa uzuri kiasi hicho, mtoto wa rafiki yake alikuwa akilia mahali pengine, na kilio chake hakikuandikwa katika ombolezo lolote.

Tunafika sura ya tisa. Daudi ni mfalme, amekaa, vita vimepungua, ndipo anauliza kama amebaki mtu yeyote wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Wanamwambia yuko mmoja, Lo-debari, nyumbani kwa Makiri. Tena tazameni neno dogo ambalo ni rahisi kuliruka: Mefiboshethi wakati huo ana mtoto wake mwenyewe, Mika. Aliyekuwa na miaka mitano sasa ni baba. Hesabuni. Daudi alichelewa. Alitunga ombolezo siku moja, na kumtafuta mtoto wa rafiki kukamchukua miaka mingi sana. Simhukumu, nimewaeleza ya gare. Lakini sitaki pia tumfanye Daudi kuwa mfano safi wa urafiki, kwa kuwa Biblia yenyewe haimfichi.

Alichelewa, na bado aliuliza. Na alipouliza hakutoa pole ya mdomo. Alirudisha mashamba. Alimweka Siba na wanawe walime. Akamketisha Mefiboshethi mezani pake, si siku moja ya karamu, ila siku zote, kama mmoja wa wana wa mfalme. Miguu ikawa chini ya meza, ambapo hakuna mtu aiangaliaye. Nyumba mpya ya kifalme ilikuwa na desturi ya kuifuta ya zamani, na watu wengi pale ikulu bila shaka waliona jambo hilo ni la hatari. Daudi akaliacha jina la nyumba ile lisomwe kila wakati wa chakula.

Mezani kwa mfalme na katika daftari la likelemba nimeona kitu kile kile.

Mwaka 2006 mfanyabiashara aliyetoka Mwene-Ditu alifika sokoni na habari za karani: yu hai, anafundisha watoto hesabu, mke wake alifariki. Bati na saruji ziliuzwa, pesa ikapelekwa kwa mkono wa mtu huyo, na ikafika. Tangu hapo zamu yake inakwenda, siku hizi kwa simu. Hakurudi Kolwezi. Nyumba yake wanakaa wengine.

Usiku wa tatu wa matanga walimpigia. Miguu yake imekataa, hawezi kusafiri. Simu iliwekwa juu ya kiti cha plastiki kitupu, kiti ambacho marehemu angekalia, sauti ikafunguliwa. Watu waliobaki pale turubaini walisogea. Karani alilia kwanza kwa lugha yake ya Kasai, na hakuna aliyetafsiri, na hakuna aliyehitaji. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha hapa hapa kwetu, kile cha Kolwezi, kama kaburi limechimbwa mahali pakavu. Dereva akamwambia ndiyo. Halafu dereva akavaa miwani, akaanza kumsomea madaftari: 1993, anatudai, 1994, anatudai, 1995, bati moja. Akaendelea hivyo mpaka 2006. Karani alijua anapokea zamu. Hakujua kwamba katika miaka ile ya kimya, alipodhani mji mzima umemtema, palikuwa na mahali jina lake lilisomwa kila mwezi.

Alinyamaza muda mrefu, tukadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, “Jina lake nalo msilifute. Zamu yake ikifika, mpeni mama.”

Mtu wa maabara akachukua kalamu. Mkono wake unatetemeka siku hizi, kwa hiyo aliweka daftari juu ya goti na kulishika kwa mkono wa kushoto. Akapiga mistari minne kwa mwezi wa nane kama kawaida, akaandika majina manne. Mjane aliitwa kutoka ndani. Alikuja na kanga yake begani, akasimama mlangoni, akaelezwa. Alisema tu kwamba alidhani sufuria zile za gare watu walikwisha kuzisahau.

Nawaombeni sasa, wapendwa, mambo mawili, na nayaomba kama mchungaji wenu na kama kijana yule wa baiskeli.

La kwanza ni jepesi. Kuanzia sasa, katika mazishi ya kanisa hili, rafiki wa marehemu wataandikwa kwenye programu, na wataandikwa kabla ya hotuba yangu. Ikibidi kitu kikatwe, kitakatwa changu. Nanyi mkienda kutoa pole, ulizeni: rafiki yake ni nani? Pitieni na kwake. Kaeni naye hata nusu saa, mwacheni awasimulie kijana aliyemjua.

La pili ni zito. Miongoni mwetu wamo wenye kitu cha mtu aliyepanda treni ile. Mwingine ana cherehani, mwingine karatasi za shule za mtoto, mwingine anajua kaburi liko wapi la mtu ambaye ndugu zake hawajawahi kuliona. Mwingine analala chini ya paa ambalo hakulijenga, wala baba yake hakulinunua. Simnyooshei kidole mtu yeyote. Najua yamepita miaka zaidi ya thelathini, najua waliokuwa watoto sasa wana watoto, kama Mefiboshethi alivyokuwa na Mika. Lakini simu zipo, namba zinatafutika, na watu wa Mwene-Ditu, Kananga na Mbuji-Mayi wanapita sokoni kwetu kila wiki. Jumapili hii, baada ya ibada, daftari jipya litakuwa juu ya meza karibu na mlango. Yeyote anayemkumbuka mtu aandike jina lake na mahali alipotokea, avenyu na nyumba kama anaijua. Nitayasoma majina hayo mwenyewe, kwa sauti, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na tutaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Jina la kwanza nimekwisha kuliandika. Si jina, maana sikumwuliza: ni mama aliyeomba maji, gare ya Kolwezi, 1993, alikuwa na mtoto mgongoni.

Zamu ya mwezi wa nane ni ya marehemu. Mjane wake ataipokea Jumamosi ya kwanza, nyumbani kwa dereva, saa kumi jioni.